Hakuna Anayeniuliza Habari ya Upepo

Mvua ikinyesha alfajiri, najua kabisa nitakachoulizwa nikiingia ofisi ya walimu. "Mwalimu, na leo umekuja na baiskeli?" Anayeuliza anakuwa ameketi, kikombe cha chai mkononi. Mimi nimesimama mlangoni nakamua pindo la sketi, maji yananichuruzika mpaka kwenye viatu. Sasa ningekuja na nini kingine, ungo? Lakini naitika kwa adabu, nasema ndiyo, nimekuja nayo, na wenzangu wanatikisa vichwa.

Mwezi wa pili, jua likiwa linachoma hadi lami inanukia, huruma inabadilika sura. Naletewa maji, nasogezewa kiti karibu na feni. Nashukuru, siwezi kusema uongo.

Ukifika mwezi wa saba, mambo ni mengine. Mbingu nyeupe, wingu huoni, kipupwe kimetulia, na ofisi nzima inaisifia hali ya hewa. Nami nimeingia magoti yanacheza, mapaja yanawaka moto, mate yamenikauka, na nimechelewa dakika ishirini. Hapo hakuna anayeniuliza kitu. Kwa aliyekuja na hiace, ile ilikuwa asubuhi nzuri. Labda amesikia dirisha likipiga kelele kidogo.

Huu ni mwaka wangu wa saba kwenda kazini kwa baiskeli, na ukiniambia nichague adui kati ya mvua, jua na upepo, sitachukua muda kufikiri. Ndiyo maana naandika haya. Wanaotaka kuanza huwa wananiuliza koti la mvua linauzwa wapi, nami huwa najiambia: hawa wanajiandaa na vita ambayo siyo.

Naishi Mikindani, nafundisha Jiografia katika sekondari moja Mtwara mjini. Kutoka mlangoni kwangu mpaka geti la shule ni kilomita 11 na ushee. Wageni wanaijua Mikindani kwa lile Boma la Wajerumani la mwaka 1895, au kwa Livingstone aliyeanzia hapa safari yake ya mwisho mwaka 1866. Yeye alikuwa anakwenda kutafuta chanzo cha Mto Nile. Mimi nakwenda kuwahi namba saa 1:30, kwa hiyo nina nafuu. Barabara inaizunguka ghuba, inainuka kidogo kuelekea Mangamba, halafu inashika njia ya mjini.

Baiskeli niliinunua mwaka 2018 kwa mwalimu mwenzangu aliyepata uhamisho. Ni Phoenix nyeusi ya kike, ina madigadi ya chuma, kikapu mbele na keria nyuma. Sikuinunua kwa sababu ya afya wala mazingira. Mshahara wa mwalimu mnaujua, nauli za kila siku mnazijua, na hiace ya asubuhi mnaijua inavyosubiri abiria wa mwisho ambaye hata nyumbani bado hajatoka. Mwezi wa kwanza nilikuwa naendesha na baibui. Cheni ikalila pindo, nikapiga mweleka mbele ya wanafunzi wangu wa kidato cha kwanza, na hao nao hawakujua wacheke au waseme shikamoo. Wakasema shikamoo. Siku hizi navaa suruali ndani, sketi juu, na pindo nalibana kwa vibanio viwili vya kuanikia nguo. Nikisahau kuvitoa naingia navyo darasani.

Turudi kwenye upepo.

Kitabu cha shule kinachora mishale miwili juu ya ramani ya Bahari ya Hindi. Mmoja unatoka kusini-mashariki, umeandikwa kusi. Mwingine unatoka kaskazini-mashariki, umeandikwa kaskazi. Nimeichora mishale hiyo ubaoni kila mwaka. Naeleza kwamba katikati ya mwaka bara la Asia linapata joto kali, hewa yake inakuwa nyepesi, mgandamizo unashuka, basi hewa inavutwa kutoka huku kwetu kusini, inavuka ikweta, inapinda, inakwenda kuwanyeshea watu wa India. Ni maelezo sahihi kabisa. Kitabu hakisemi tu kwamba hewa hiyo, kabla ya kufika India, inapita kwanza kifuani kwangu nikiwa napanda Mangamba.

Maana tazama ramani. Shule iko mashariki ya nyumbani. Nusu ya kwanza ya safari naelekea upande wa kusini-mashariki, nusu ya pili napinda kuelekea mjini. Kwa hiyo kuanzia Mei mpaka Septemba kusi inanipiga uso kwanza, kisha inanipiga ubavu wa kulia. Kaskazi ikiingia, kuanzia Novemba au Desemba mpaka Machi, inaniacha kidogo mwanzoni, halafu inanisubiri kwenye kipande cha kuingilia mjini. Pepo mbili zilizokuwa zinaleta majahazi kutoka Arabuni na kuyarudisha kwao, moja ya kuja na moja ya kurudi, kwangu mimi zote mbili ni za kupinga asubuhi. Jioni zinanisukuma, ni kweli. Lakini jioni sina haraka na hakuna anayenisubiri na daftari la mahudhurio.

Aliyenifundisha namna ya kuishi nazo ni jirani yangu, mzee mmoja aliyekuwa mvuvi mpaka macho yalipomkatalia. Anaamka kabla ya adhana, anakaa barazani na kikombe cha kahawa, anatazama bahari ambayo sasa anaiona kama ukungu. Mwaka wangu wa kwanza nilimpita saa 12:30, nikamwamkia.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu. Umechelewa. Umande umeshakatika."

Sikumwelewa. Kwangu umande ni yale matone kwenye majani. Jioni niliporudi nimechoka kama aliyepakua meli, nikasimama kumuuliza. Akanieleza kwamba umande ni pia upepo wa bara, ule mwembamba unaoshuka kwenda baharini usiku na alfajiri, ndio wavuvi wanaotokea nao. Jua likishika ardhi unakufa, na upepo wa baharini unachukua zamu. Nikajiona mjinga. Nafundisha upepo wa nchi kavu na upepo wa bahari, nachora na vishale, na sikuwahi kufikiria kwamba vile vishale vina saa ya kupita mbele ya nyumba yangu.

Kuanzia hapo ratiba yangu ya kusi ni kutoka saa 11:45 alfajiri. Mwezi wa sita huku kwetu jua linachomoza kama saa 12:35, kwa hiyo natoka giza bado ni zito, tochi nimeifunga kwenye usukani kwa mpira wa tyubu. Lakini kusi inakuwa bado haijaamka, na kama nina bahati umande unanisindikiza mgongoni mpaka nusu ya njia. Dakika 45 zinatosha. Nikitoka nusu saa baadaye natumia saa nzima na zaidi. Umbali ni uleule, baiskeli ni ileile, miguu ni hii hii.

Mzee alinipa na jambo la pili. Nilikuwa nalalamika kwamba upepo ukija uso kwa uso hakuna la kufanya. Akasema chombo hakiendi kichwa kichwa na upepo, kinakwenda joshi, kinaukata kwa pembeni, kushoto na kulia. Nikacheka. Nikamwambia barabara ina malori, babu, nikienda joshi nitarudi nyumbani kwenye sanduku.

"Basi tafuta demani," akasema.

Demani ni upande uliokingwa, ule ambao upepo hauufikii. Neno hilohilo wanalitumia pia kwa majira, kusi ikielekea mwisho na bahari ikianza kulainika. Nikaanza kuisoma barabara yangu kwa demani zake. Kuna safu ya miembe inayonipa kama pumzi thelathini. Kuna ukuta mrefu wa tofali. Kuna mahali barabara imekatwa kwenye udongo, na kingo zake zinanifunika kichwa. Pale napumzika nikiwa naendesha. Kuna na uwazi mmoja mbaya, mikorosho imefyekwa, nikiukaribia nainamisha kifua na kushusha viwiko kabla sijafika. Ukisubiri upepo ukupige ndipo uiname, umeshapoteza mwendo, na mwendo ukiupoteza pale kuurudisha ni kazi ya mkokoteni.

Hiyo mikorosho nayo ina kisa chake. Kati ya Juni na Agosti wakulima wanapuliza salfa dhidi ya ugonjwa wa ubwiri unga, na wanapuliza alfajiri, kwa sababu hewa imetulia na majani yana umande unaoishika ile unga. Yaani wanaitafuta saa ileile ninayoitafuta mimi, na kwa sababu ileile. Mara kadhaa nimeingia katika wingu la manjano bila kuliona gizani. Macho yanawasha mpaka kipindi cha tatu. Sasa nina miwani ya fundi uchomeleaji, ile yenye kioo cheupe, na wanafunzi wameshanipa jina ambalo wanadhani silijui.

Sasa nisimulie siku niliyoanguka, kwa sababu ndiyo iliyonifundisha kwamba upepo wa ubavuni ni mbaya kuliko wa usoni.

Miaka ya karibuni barabara yetu imepata wageni. Makaa ya mawe yanatoka Ruvuma kwa malori, yanapita Masasi, yanapita hapa Mikindani, yanakwenda bandarini. Ongeza na malori ya korosho msimu ukifika. Agosti 2023, siku ya mitihani ya ndani, nilichelewa kutoka. Kusi ilikuwa imeshaamka na hasira zake. Nimeshapita Mangamba, nimepinda, upepo unanipiga kutoka kulia. Ukiendesha katika upepo wa namna hiyo, bila kujua unaegama. Mwili wako wote unakuwa umelala kidogo upande wa kulia, umeuegemea upepo kama mtu anavyoegemea ukuta.

Lori likaja nyuma. Nchi yetu tunapita kushoto, kwa hiyo linanipita kulia. Ubavu wake, mrefu kama nyumba, ukaingia kati yangu na upepo. Na ule ukuta niliouegemea ukaondoka.

Niliangukia kulia, kuelekea kwenye lori. Sikuanguka mpaka chini, nilipepesuka tu, nikayaona matairi kwa namna ambayo sitaki kuyaona tena: nati, tope, na ile joto inayotoka pale chini. Nikavuta usukani kushoto kwa nguvu zote. Sekunde hiyohiyo lori likamalizika kupita, na upepo uliokuwa umezuiwa ukarudi wote kwa pamoja. Ukanibeba. Nikatoka kwenye lami, gurudumu la mbele likazama mchangani, nikapita juu ya kikapu.

Dereva nadhani hakujua lolote. Kijana wa bodaboda akasimama. "Pole sana, mwalimu. Hujavunjika?" Sikuvunjika. Kiwiko kilichunika, usukani ulipinda, karatasi za mtihani zilitapakaa mchangani, na yule kijana akaziokota moja moja, akizikung'uta kama dagaa. Alikataa hela. Nadhani niliwahi kumfundisha, lakini niliona aibu kumuuliza jina.

Tangu siku hiyo nikisikia lori nyuma siku ya kusi, nafanya mambo kabla halijanifikia: napunguza mwendo, nanyoosha mgongo niache kuegama, nalegeza mikono, nasogea mapema kwenye ukingo wa lami. Yakija mawili yamefuatana, nashuka. Ndiyo, nashuka kabisa, nasimama na baiskeli yangu kama mtu anayesubiri msafara wa mkubwa. Wanaopita wanadhani nimechoka. Wacha wadhani.

Wiki ile nilichora tukio zima ubaoni, lori, mwalimu, mishale. Kidato cha tatu hawajawahi kuelewa mada ya upepo kama siku hiyo, ingawa mmoja aliuliza kwa dhati kama swali hilo linaweza kutoka kwenye mtihani wa taifa.

Mvua sasa, maana najua ndiyo mliyoijia.

Kwanza, mvua yetu si ya vitabuni. Mwanafunzi wa Mtwara anakariri vuli na masika kama anaishi Dar es Salaam, wakati sisi tuko kwenye msimu mmoja. Mamlaka ya Hali ya Hewa yenyewe inatutolea utabiri wetu pamoja na watu wa Ruvuma na wengineo: mvua za msimu, Novemba mpaka Aprili. Baada ya hapo ni ukavu, na vinyunyu vya hapa na pale.

Kutota si tatizo. Ngozi haivuji. Nilinunua koti la mvua mwaka wa kwanza, zito, la mpira, nikaendesha nalo Januari katika joto la kaskazi. Nilifika nimelowa chapachapa kwa jasho langu mwenyewe, nje kukavu. Nikalitoa kwa mlinzi wa shule, analisifia hadi leo. Siku ya mvua naendesha na nguo kuukuu, nguo za kazi zimo kwenye sandarusi iliyofungwa ndani ya kipande cha turubai. Mfuko wa plastiki ulinitosha zamani, mpaka ulipopigwa marufuku Juni 2019. Turubai ni bora, lakini nililijua hilo baada ya daftari 48 za kidato cha pili kugeuka uji. Niliwapa wote alama za mazoezi kwa kukisia, na hakuna aliyekata rufaa.

Kinachotisha katika mvua ni breki. Phoenix yangu ina rimu za chuma zilizopakwa nikeli, na raba za breki juu ya chuma kilicholowa ni kama sabuni juu ya sahani. Unabana, na baiskeli inaendelea na safari zake. Dawa yake ni kubana mapema, kidogo kidogo, ili raba ziifute rimu kwanza ndipo zishike. Kwenye mteremko wa kurudi Mikindani naanza kubana nikiwa bado sioni bahari. Na mvua ya kwanza ya msimu ndiyo ya kuogopwa kuliko zote. Miezi sita oili na vumbi vimekuwa vikikaa juu ya lami vikisubiri. Matone ya kwanza yanavichanganya, hayavioshi. Mvua ikishanyesha nusu saa kwa nguvu, barabara inakuwa salama kuliko ilivyokuwa dakika ya tano.

Radi siichezei. Wanafunzi wanaamini matairi ya mpira yanamkinga mwendesha baiskeli. Hayamkingi, radi iliyoruka kilomita kadhaa hewani haitashindwa na sentimita mbili za raba. Nahesabu kuanzia mmweko mpaka ngurumo, kila sekunde tatu ni kama kilomita moja. Nikifika hesabu ya chini ya thelathini natafuta nyumba, siyo mwembe. Baraza za watu zimenihifadhi mara nyingi njiani humo. Nimekula mihogo ya watu nisiowajua, nimeshika watoto wa watu. Mama mmoja alininyima kuondoka mpaka mvua ilipokatika kabisa, akamtumia mwalimu mkuu ujumbe kupitia simu yangu mwenyewe.

Kuna siku moja tu ambayo sikutoka kwa sababu ya hali ya hewa: Alhamisi ya tarehe 25 Aprili 2019, Kimbunga Kenneth. Shule zilifungwa, watu wakaambiwa wakae ndani au wahamie sehemu salama. Baiskeli niliiingiza chumbani na kuifunga kwenye mguu wa kitanda, kana kwamba kimbunga kikija kuchukua bati kitaacha kitanda. Mzee wa barazani siku hiyo alikubali kuingia ndani, jambo ambalo binti yake alikuwa hajalitegemea. Mwaka 1952 alikuwa mtoto mdogo Lindi, kimbunga cha Aprili 15 kilipoipiga. Hakusimulia sana. Alisema minazi ilikuwa inalala na kuamka, na kwamba kilichomtisha ni pale iliponyamaza.

Kenneth ilitupita. Huku kwetu yalikuwa mawingu, mvua, na upepo ambao nimeshaendesha ndani ya ulio mkali zaidi. Ilikwenda kupiga ng'ambo ya Mto Ruvuma, Cabo Delgado ya Msumbiji, ambako watu wengi wa huku wana shangazi na wajomba. Siku zile simu zilikuwa hazipatikani huko, na furaha ya kunusurika ilikuwa na kitu kimekwama ndani yake. Watu walipongezana kwa sauti za chini.

Jua nitalisema kwa kifupi. Sisi tuko nyuzi kumi na kidogo kusini ya ikweta, kwa hiyo jua linapita utosini kwetu mara mbili kwa mwaka, karibu na tarehe 20 Oktoba na tarehe 22 Februari. Siku hizo natoka na wanafunzi nje saa sita na dakika zake, tunasimamisha baiskeli wima, tunatazama kivuli kikijificha chini ya magurudumu. Wanalipenda somo hilo. La Oktoba ni jua kavu, linavumilika. La Februari linakuja na unyevu, na hapo kuna hila moja: ukiwa unaendesha hulisikii sana, kwa sababu mwendo wako unakutengenezea upepo. Ukisimama ndipo jasho linapomwagika kama bomba. Kwa hiyo usisimame ghafla mbele ya mwalimu mkuu. Zunguka uwanja kwanza.

Adui anayefanya kazi hata nikiwa nimelala ni chumvi. Upepo wa bahari unaibeba na kuipandikiza kwenye kila kilicho chuma. Spoku za Phoenix nimebadilisha karibu zote, cheni niko ya nne. Mwanzoni nilikuwa napaka mafuta ya kula, na fundi wangu nusura anifukuze kijiweni.

"Mwalimu, hii cheni au bagia?"

Mafuta ya kula yananasa mchanga, mchanga unakuwa msasa, meno ya gia yanaisha. Yeye anataka cheni isuguliwe kwa mafuta ya taa, ikauke, ipakwe oili nyembamba tone kwa tone, ifutwe. Kila Jumamosi. Na gololi za ekseli zifunguliwe na kutiwa grisi kabla ya mvua za msimu na baada yake. Ana adabu ya kazi huyu kijana. Kijiwe chake kiko chini ya mwarobaini, na Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipoleta mafuriko na barabara ya Dar es Salaam ikakatika maeneo ya Somanga, alikaa siku kadhaa bila tyubu mpya hata moja. Alinizibia pancha tatu kwenye tyubu moja iliyokuwa na viraka vinane. Tuliihesabu pamoja kama vidonda vya mgonjwa. Bado iko ndani ya gurudumu la nyuma.

Nimeandika haya usiku, mwisho wa Aprili. Wiki hii nzima bahari imekuwa kama sahani, bendera ya shule imening'inia kama nguo ya kuanikwa. Ni maleleji, siku chache ambazo kaskazi imekufa na kusi bado haijazaliwa. Nimekuwa nafika shule mapema mno, nasubiri mlinzi afungue ofisi. Wenzangu wanalalamikia joto.

Leo jioni nilipopita barazani mzee alikuwa amegeuza kiti chake. Siku zote kinatazama bahari. Leo kilitazama upande wa Mangamba. Nikamwamkia, nikamuuliza kama anasubiri mgeni.

"Sikiliza minazi," akasema.

Nilisimama, nikafunga hata kengele kwa kidole isilie. Makuti yalikuwa yanasugana kidogo sana, upande ambao hayajasugana tangu mwaka jana.

Nimejaza upepo matairi yote mawili. Nimetoa tochi kwenye sanduku, betri zimekufa, nimetuma mtoto dukani. Saa ya simu nimeirudisha kwenye kumi na moja.